Kisa: Profoma zilivyokuwa zinapotelea ndani ya sistimu ya ankara, karakana ya aluminiamu Dodoma

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha karakana moja ya madirisha na milango ya aluminiamu hapa Dodoma mjini. Jina la ofisi, mtaa na majina ya watu nimeyatoa, na pesa nimezizungusha ila uwiano nimeuacha ulivyokuwa ili hesabu zieleweke. Mwenye ofisi nitamwita Mama, anayeandaa profoma (karatasi ya bei anayopewa mteja kabla ya kazi) ni dada wa ofisi, na mkuu wa karakana ni Fundi. Mimi niliitwa kama mtu wa mahesabu. Sikuitwa kwa ajili ya profoma kabisa, niliitwa kwa sababu ripoti ya mapato kwenye sistimu ilikuwa inaonyesha hela ambazo benki hazipo.

Ofisi ilivyokuwa

Anayeijua Dodoma ya miaka hii hahitaji kuambiwa kwanini kazi za aluminiamu zipo. Serikali imehamia, mji wa Serikali wa Mtumba umejengwa, jiji limetangazwa 2018, na kuanzia Iyumbu mpaka Nala, Ihumwa mpaka Nzuguni watu wanapandisha nyumba. Mvua zikikata kuanzia mwezi wa tano hivi ndio maombi ya bei yanamiminika, kwa hiyo kuna miezi ambayo ofisi ndogo kama hii inatoa profoma kila siku na kuna miezi ya kukaa kimya. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 limeongezeka na kundi jingine, wenye viwanja huku wanaoishi Dar, mtu anashuka asubuhi, anampeleka Fundi saiti akapime, halafu anataka profoma mkononi kabla treni ya jioni haijaondoka.

Zamani profoma zao zilikuwa za Excel. Baadaye Mama akalipia programu ya ankara ya mtandaoni, ya kulipia kwa mwezi, baada ya mteja mmoja wa shirika kumwambia karatasi zake hazina namba za kufuatana. Programu za aina hii karibu zote zina orodha ya profoma na kila profoma ina hali yake. Majina yanatofautiana, QuickBooks inaanza na hali ya kusubiri, Xero na Zoho zinaanza na rasimu (ya ofisi hii sisemi ilikuwa ipi), lakini mtiririko unafanana: rasimu, imetumwa, imefunguliwa na mteja, imekubaliwa au imekataliwa, imeisha muda, imegeuzwa kuwa ankara. Ukiipeleka vizuri, orodha hiyo inakujibu swali moja ambalo wenye biashara wengi wanalijibu kwa kukisia, kwamba mezani kuna kazi za shilingi ngapi na zimekwama wapi.

Ofisi hii ilikuwa inaitumia kama mashine ya kuprinti. Dada wa ofisi anatengeneza profoma, anadaunlodi PDF, anaituma WhatsApp kwa simu yake mwenyewe, basi, anahamia nyingine. Programu haina namna ya kujua kwamba karatasi imetoka. Kwa hiyo profoma za zaidi ya mwaka zilikuwa zimelala kwenye "rasimu", zikiwemo za kazi ambazo zilishafungwa na madirisha yameshapauka jua. Chache zilizopitia imeili, za mashirika na taasisi za dini, ndio zilikuwa na hali ya kueleweka.

Kilichotokea

Kitu cha kwanza kilikuwa shule. Ni ya taasisi ya dini, ipo upande wa Chamwino, inajenga bweni. Fundi alienda kupima, ikatoka profoma ya kwanza ya shilingi 10,400,000, kioo cha milimita 4, bila nyavu za mbu. Sehemu ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) haikutikiwa, na sehemu ya tarehe ya mwisho iliachwa wazi. Mkuu wa shule akapiga akasema anataka kioo cha milimita 5 na nyavu, ikatoka ya pili, safari hii VAT imetikiwa: 12,100,000 jumlisha 2,178,000, jumla 14,278,000. Wakalalamika bei, nyavu za madirisha ya stoo zikaondolewa, punguzo likawekwa, ikatoka ya tatu ya 11,500,000 jumlisha VAT 2,070,000, jumla 13,570,000. Zote tatu ni PDF, zote tatu zimeenda WhatsApp, na kila moja ina namba yake mpya kabisa kwa sababu dada wa ofisi hakuwa anahariri, alikuwa ananakili ya zamani anatengeneza nyingine. Namba mbili katikati zilikuwa za wateja wengine kwa hiyo hata kwa kuangalia huwezi kujua kwamba hizi tatu ni ndugu.

Ikapita kama wiki sita kimya. Ofisini kila mtu akajua shule imeenda kwingine. Siku moja mhasibu wa shule akaja na bahasha, ndani kuna profoma iliyoprintiwa stationari, imesainiwa na kamati na kugongwa mhuri, pamoja na slipu ya benki ya 5,200,000. Nusu ya profoma ya kwanza.

Mama aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma, akamwita dada wa ofisi, "Mwanangu, hii si ya kwetu?" Ni ya kwao. Nembo yao, namba ya simu yao, na hakuna mahali imeandikwa kwamba imefutwa au imebadilishwa. Mhasibu wa shule wala hakuwa na ujanja, yeye alitumiwa faili na mkuu wa shule, akachukua la kwanza aliloliona kwenye simu akalipeleka kwenye kikao.

Cha pili kilikuwa kidogo lakini kwangu ndio kilichoumiza zaidi. Mteja wa Iyumbu, mama mmoja anayejenga nyumba ya kuishi, profoma yake kama milioni nne na kidogo, alikutana na Fundi sokoni Majengo. Fundi akamuuliza kwa utani mbona ametutupa. Akajibu, "Fundi, si mlisema mtanipigia mkishaangalia rangi kama ipo? Nimesubiri mpaka nimeenda kwa wengine." Dada wa ofisi alipotafuta kwenye programu akaikuta: rasimu. Kwenye WhatsApp yake kuna meseji ya yule mama inauliza rangi ya shaba, tiki mbili za bluu, haijajibiwa kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mteja wa treni amesimama mlangoni.

Cha tatu ndicho kilichonileta mimi. Mama alikuwa amechoka na orodha ya rasimu akamwambia dada wa ofisi "safisha hii kitu". Dada akasafisha kwa njia aliyoiona ni ya haraka, kila profoma ambayo mteja aliwahi kusema "sawa" akaibonyeza igeuke ankara. Orodha ikapendeza kweli. Mapato kwenye ripoti yakaruka juu, wadaiwa wakajaa, wengine ni watu waliosema sawa kwenye simu miezi nane iliyopita na hawajawahi kurudi.

Tulivyochambua orodha

Kabla ya kubadilisha chochote tulikaa na vitu viwili, orodha ya programu kwenye laptopu na simu ya dada wa ofisi yenye WhatsApp, tukaenda profoma moja moja. Kazi ya kuchosha, ila ndipo kisa kilipogeuka, maana tulianza tukidhani tatizo ni hali zisizobadilishwa tukakuta kuna kubwa kuliko hilo.

Profoma nyingi hazikuwa za kazi. Narudia kwa sababu watu wanaofundisha hizi programu hawalisemi hili, labda kwao halipo. Huku kwetu mtu anaomba profoma kwa sababu nyingi. Kuna mtumishi anayechukua mkopo benki au saccos, ameambiwa alete profoma ya vifaa vya ujenzi, mkopo ukitoka hela zinaweza kwenda kwenye ada ya mtoto au shamba la zabibu, wewe hutamuona tena. Kuna ofisi ya shirika inayotakiwa kupata bei tatu, na anayetaka kumpa kazi ameshamjua, anatafuta mbili za kusindikiza. Kuna mkandarasi anayejaza zabuni, anataka bei yako ili aweke kwenye hesabu zake, akishinda atakupigia na akikosa hutasikia. Na kuna mjenzi wa kawaida anayetaka madirisha.

Zote hizi kwenye orodha zinafanana, zote "profoma", na Mama alikuwa anazijumlisha zote anasema tunakosa kazi nyingi, bei zetu zipo juu, tushushe. Tulipotenganisha, zile za mkopo na za kusindikiza zilikuwa sehemu kubwa kiasi kwamba kushusha bei kusingesaidia kitu. Kwenye zile za wajenzi wa kweli zilizopotea, tulizoweza kufuatilia, malalamiko ya bei yalikuwepo lakini kilichojirudia zaidi ni kimya: mteja aliuliza kitu akakosa jibu, au alisubiri kupigiwa.

Kuna na vurugu nyingine ndogo tulizikuta humo humo. Saa ya sistimu ilikuwa imeachwa kwenye saa za Chicago tangu siku ya kujisajili, kwa hiyo vikumbusho vya imeili vilivyowekwa saa kumi na moja jioni vilikuwa vinamfikia mteja saa saba usiku. Na mkandarasi mmoja alikuwa na profoma za dola, kitu ambacho tangu zile kanuni za Machi 2025 za matumizi ya fedha za kigeni hakiruhusiwi tena, bei za ndani ya nchi ni za shilingi. Hizo tulizifunga na kuzitoa upya.

Maamuzi na sababu zake

La shule lilitangulia kwa sababu hela ilikuwa benki tayari. Mama alikuwa na njia tatu: arudishe hela, alazimishe profoma ya tatu, au afanye kwa karatasi waliyosaini. Dada wa ofisi alitaka tulazimishe ya tatu maana WhatsApp inaonyesha ilitumwa na kupokelewa. Mimi nilikuwa upande mwingine. Karatasi ya kwanza haikuwa na tarehe ya mwisho, haikufutwa, na bei isiyotaja VAT mteja ana kila sababu ya kuichukua kuwa ndiyo bei ya mwisho. Sasa ukiichukua 10,400,000 kama imejumuisha VAT ya asilimia 18, kodi iliyomo ndani ni kama 1,586,000, yani ofisi inabaki na 8,814,000 hivi, kwa kazi ambayo Fundi aliipigia bei ya milioni kumi na laki nne. Faida inaisha yote.

Mama akaamua hivi: kazi tunafanya kwa profoma ya kwanza kama ilivyo, kioo cha milimita 4, nyavu hakuna, senti haiongezeki. Wakitaka kioo cha 5 na nyavu za mabweni, hiyo ni nyongeza, inatoka profoma yake pembeni yenye VAT na tarehe. Sababu yake alisema wazi, bweni la pili linaanza mwakani na kamati ile ile ndiyo itakayokaa. Shule ikachukua nyongeza ya kioo na nyavu za upande wa kulala tu, jumla ya yote ikawa 11,900,000 VAT ikiwa ndani. Faida ilikuwa nyembamba mno, ila kazi haikula mtaji.

Baada ya hapo ndio tukapanga utaratibu wa profoma zote. Nitaeleza yale yaliyobishaniwa tu, mengine ni ya kawaida.

Njia ya kutoka. Nilipendekeza kila profoma itumwe kwa linki ya programu, ili hali ya "imetumwa" ijiandike yenyewe na ikifunguliwa ujue. Dada wa ofisi akakataa na alikuwa sahihi: wateja wake wengi hawafungui linki wasiyoijua, wanaogopa utapeli, na wengine bando ni la WhatsApp tu. PDF wanaiona palepale. Tukakubaliana PDF iendelee lakini iende kutoka kwenye simu ya ofisi yenye laini ya ofisi, sio ya dada, na kabla hajaweka simu chini anaweka alama ya "imetumwa" kwa mkono. Mashirika na taasisi wao wanapata imeili kutoka ndani ya programu.

Marekebisho. Marufuku kunakili. Mteja akibadilisha kitu, profoma ile ile inahaririwa, namba inabaki na inaongezwa herufi mwishoni, B, C, na juu kabisa kunaandikwa mstari mmoja: "Hii inafuta profoma ya tarehe fulani." Kama programu yako haina herufi za toleo, andika kwenye namba ya rejea, inatosha.

Muda. Siku 14, hakuna ya wazi. Mama alitaka mwezi ili mteja asijisikie anasukumwa. Profaili za aluminiamu na vioo vinaagizwa nje na bei yake inafuata dola, na wote tunakumbuka 2023 na 2024 dola ilivyokuwa ya kutafutwa kwa tochi, ukitoa bei ya mwezi mzima unakuwa umeuza kabla hujanunua. Siku 14 ikakubaliwa, ila kwa taasisi zenye kamati ni siku 30, kwa sababu kamati haikai kwa haraka yako.

Aina ya ombi. Tuliongeza sehemu moja ya kuchagua: ujenzi, mkopo, kulinganisha bei, zabuni ya mkandarasi. Dada anauliza kwa adabu tu, "Samahani mzee, hii ni ya kuanza kazi au ya kupeleka benki?" Watu wanajibu bila shida, hawaoni aibu kabisa. Ya benki anaiandaa haraka, hamtumi Fundi saiti kupima, na haiingii kwenye foleni ya kupigiwa simu.

"Imekubaliwa" ni nini. Hapa palikuwa na mabishano marefu. Mama anasema mteja akisema sawa imekubaliwa. Fundi anasema bila adivansi hakuna kitu, yeye ndiye anaenda kukata profaili na profaili ikishakatwa kwa dirisha la mtu haina mwingine wa kumuuzia. Tukaigawa: meseji au saini ya mteja inaipeleka "imekubaliwa", na Fundi hagusi msumeno mpaka adivansi iingie. Ankara haigeuzwi mpaka hela iingie au kazi ikabidhiwe. Kwa aliyesajiliwa VAT (kizingiti cha lazima tangu Julai 2023 ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka) hili sio la usafi wa orodha, kodi inaanza kudaiwa kwenye lile linalotangulia kati ya ankara kutolewa, malipo kupokelewa na mali kukabidhiwa. Ukigeuza ankara ili orodha ipendeze unajitengenezea deni la kodi kwa hela ambayo hujaiona. Na adivansi ikiingia, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) inatoka siku hiyo, profoma haijawahi kuwa risiti.

Tarehe ya kufuatilia. Kila profoma ya ujenzi inatoka ikiwa na tarehe ya simu na jina la atakayepiga. Simu ya kwanza siku mbili baada ya kutuma, kuuliza kama imefika na kama kuna swali, basi, hakuna kubembeleza. Ya pili siku tatu kabla haijaisha muda.

Matokeo

Zile ankara hewa zilifutwa kwa hati za kupunguza deni, ripoti ikashuka ikalingana na benki, na hilo ndilo nililoitiwa. Bahati nzuri ritani ya VAT ya mwezi ilikuwa haijaenda.

Upande wa profoma mabadiliko yalikuja taratibu. Kitu cha haraka kuonekana ni asubuhi ya Jumatatu, Mama anafungua orodha, anachuja "ujenzi" na "imetumwa", anaona watu labda kumi na kitu badala ya mamia, na anajua nani wa kumpigia. Kazi za nyumba binafsi ziliongezeka kidogo msimu ule, sitasema ni kwa sababu ya hili peke yake maana ulikuwa msimu wa ujenzi na bunge la bajeti likiwepo mji wote unachangamka. Ila zile za kupotea kwa kimya zilipungua, hizo tunaziona kwa macho, kwa sababu kila iliyokataliwa sasa imeandikiwa sababu.

Ile ya kushusha bei haikufanyika.

Uchambuzi: kilichosaidia na kilichogoma

Ukiniuliza kipi kilibeba, nitasema aina ya ombi. Ni sehemu moja ya kuchagua, inachukua sekunde, na ndiyo iliyobadilisha maana ya namba zote nyingine. Ripoti ya programu inakwambia asilimia ngapi ya profoma zimekuwa kazi, na ile asilimia ya ofisi hii ilikuwa ya kukatisha tamaa mpaka unatoa za mkopo na za kusindikiza. Mtu anayeweka bei kwa kuangalia asilimia isiyochujwa anaweza kujishusha mpaka akafunga ofisi, huku akishindana na washindani ambao hawapo.

Hali ya "imefunguliwa" haikusaidia kama nilivyotegemea, hata kwa zile za imeili. Mashirika makubwa yana vichungi vya usalama vinavyofungua linki kabla binadamu hajaiona, kwa hiyo profoma inasomeka imefunguliwa dakika hiyohiyo uliyotuma. Kwingine aliyefungua ni katibu muhtasi, mwenye maamuzi yupo safari Singida. Na kuna siku Mama mwenyewe alifungua linki kuangalia kama inafanya kazi, programu ikaandika mteja amefungua, Fundi akampigia mteja kwa furaha. Kwa hiyo ile hali inaonyesha kuna kitu kimeigusa linki, mengine uliza kwa simu.

Vikumbusho vya kujituma vyenyewe vilituaibisha. Hata baada ya kurekebisha saa, vilikuwa vinaenda kwa kila profoma ambayo haijabadilishwa hali, na mzee mmoja wa Kisasa aliyekuwa ameshalipa adivansi taslimu akapata imeili inamkumbusha profoma yake inakaribia kuisha muda. Alipiga simu amefura, "Hela yangu mmeila halafu mnaniandikia nini?" Kosa halikuwa la programu, adivansi ilikuwa imeandikwa kwenye daftari na orodha haikuguswa. Tulivizima vyote kwa watu binafsi vikabaki kwa taasisi tu. Kwa ofisi ya ukubwa huu simu ya dada wa ofisi inafanya kazi nzuri kuliko kikumbusho, mteja anasikia sauti anayoijua, anauliza la rangi, anajibiwa palepale.

Siku 14 zilileta usumbufu ambao hatukuufikiria. Wateja wa Dar walikuwa wanaichukua kama vitisho, na wengine wakirudi siku ya ishirini wanajua lazima bei imepanda hivyo hawarudi kabisa. Ikabidi chini ya profoma iandikwe kwamba baada ya tarehe hiyo bei itathibitishwa upya, sio kwamba ofa imekufa. Sentensi ndogo, imewarudisha baadhi.

Laini ya ofisi ilikuwa na ubishi wake wa kibinadamu. Dada wa ofisi aliona kama ananyang'anywa wateja wake, maana walikuwa wanampigia yeye, wanamtumia za vocha sikukuu. Mama alilitatua kwa kumpa posho ndogo kwa kila profoma ya ujenzi inayofika adivansi, na hapo alama za "imetumwa" zikaanza kuwekwa bila kukumbushwa. Ila ikazaa lingine: zikaanza kuonekana profoma zilizoandikwa "ujenzi" ambazo ukiuliza kidogo ni za mkopo. Sasa Fundi ndiye anayethibitisha aina, kwa kuwa yeye ndiye anayeenda saiti na anajua kama kuna tofali au kuna kiwanja chenye nyasi.

Na huyo Fundi ndiye shimo ambalo mpaka naondoka halijazibwa. Akiwa saiti, mteja anamuuliza "kwa makadirio tu, itafika ngapi?" naye anajibu, kwa mdomo, na ile bei ndiyo inayokaa kichwani kwa mteja hata profoma ije na nembo na herufi B. Hiyo haimo kwenye orodha yoyote. Tulikubaliana akitaja bei apige picha karatasi ya vipimo, aandike na bei aliyoitaja, aitume kwenye simu ya ofisi kabla hajapanda bodaboda ya kurudi. Anatuma akikumbuka, na akiwa Nzuguni au Nala ambako mtandao unasumbua anasema atatuma akifika mjini, akifika mjini kuna mteja mwingine anasubiri kupimiwa.